Dansi ya wawili inaanzia sakafuni: uzi kwa wanaopenda kucheza, kutunga na kucheza na mwenza

#1 Mtoa mada

Habari zenu wakuu, kaka na dada zangu wa humu.

Nyuzi nyingi za dansi ninazosoma zinaishia kwenye stepu. Hii inachezwaje, ile inaanza na mguu gani, nani anaruka juu zaidi. Stepu nazipenda, ndizo riziki yangu. Ila kinachonirudisha ukumbini kila asubuhi, hata magoti yakiwa yamechoka, ni uzito. Nasema uzito wa mwili: umekaa wapi, unahamaje, unampa nani na yeye anaupokeaje. Kwangu mimi dansi yote imo humo, na kucheza na mwenza ndipo jambo hili linapoonekana waziwazi. Nimefungua uzi nieleze kwa kirefu. Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge.

Naanza na sakafu. Kabla hujashika mkono wa mtu yeyote, tayari una mwenza. Ukisimama wima tu, unaisukuma sakafu nayo inakusukuma kwa nguvu ileile. Huruki mpaka uisukume kwanza, ndiyo maana dansa wa staili yoyote ile hukunja magoti kabla ya kwenda juu, na akirudi hukunja tena. Tazama mtu anayejua kutua: vidole vinagusa, sehemu ya mbele ya unyayo inafuata, kisigino kinashuka, goti linakunja, nyonga inazama kidogo, na yote hayo husikii kitu. Mimi nikitaka kumjua dansa mgeni, nafumba macho namsikiliza akitua.

Steve Paxton, Mmarekani aliyeanzisha mwaka 1972 ile dansi ya kugusana isiyopangwa, ambapo watu wawili wanapeana uzito na kufuata popote mguso unapoelekea, alikuwa na zoezi ninalolipenda kuliko mengine yote. Unasimama. Basi. Ukitulia vya kutosha unaanza kuhisi kwamba hujatulia kabisa: unayumba mbele kidogo, mashavu ya miguu yanakaza, unarudi nyuma, vidole vya miguu vinashika, mbavu zinapanuka na pumzi na kichwa kinasogea kuzifidia. Mwili unajizuia usianguke muda wote bila kukuomba ruhusa. Paxton aliiita dansi ndogo. Ukishaihisi mara moja, huwezi tena kusema "nilisimama tu".

Kabla yake alikuwepo Doris Humphrey, dansa na mtunzi wa Kimarekani, aliyejenga mbinu yake yote juu ya kuanguka na kuinuka. Ukifikiri vizuri utaona hata kutembea kuko hivyohivyo. Unauachia mwili uanguke mbele, halafu mguu unawahi. Dansa ni mtu anayechagua lini awahi na lini achelewe kidogo, na huko kuchelewa ndiko kunakomfanya mtazamaji avute pumzi.

Jambo moja zaidi kuhusu sakafu kabla sijawaachia nafasi. Mwaka 1975 Pina Bausch alitunga dansi juu ya muziki wa Stravinsky, ule wa kafara ya majira ya kuchipua, na akamwaga udongo jukwaa zima. Udongo ule ni mwenza mwenye tabia yake. Unavuta mguu, unateleza, unaganda kwenye jasho, na baada ya muda unamwona kila dansa anapambana nao. Miaka ya karibuni kazi hiyo imechezwa upya na madansa kutoka nchi 14 za Afrika, waliokusanyika École des Sables, shule ya Germaine Acogny iliyoko Toubab Dialaw, Senegali. Janga la korona lilipowakatiza mwaka 2020 kabla ya kupanda jukwaani, walirekodiwa wakiicheza ufukweni. Nimeitazama tena na tena kwa ajili ya miguu tu. Mchanga haurudishi nguvu kama ubao unavyorudisha. Unaisukuma ardhi, ardhi inakubali, inabonyea, na inabidi uchimbe nguvu kutoka ndani zaidi ili uruke kimo kilekile. Mwili unacheza tofauti ingawa stepu hazijabadilika.

#2 Mchangiaji

Mkuu umeandika vizuri. Mimi nacheza salsa za mtaani tu, si jukwaani. Huku kwetu uzito unahusikaje? Maana tunafundishwa hesabu: moja mbili tatu, tano sita saba.

#3 Mchangiaji mwingine

Mtoa mada tuwe wakweli. Dansi ya wawili ni mwanamume anabeba, mwanamke anabebwa. Ni nguvu tu hapo, mengine ni mashairi.

#4 Mtoa mada

Kaka wa #3, nakuheshimu ila hapo napinga kwa nguvu zote. Nimebeba na nimebebwa, pande zote mbili nazijua.

Chukua mnyanyuo wa kawaida kabisa wa baleti. Mwenza yuko mbele yangu, kanipa mgongo, viganja vyangu viko kiunoni pake, chini ya mbavu. Tunavuta pumzi pamoja. Pumzi ndiyo ishara, hakuna anayehesabu kwa sauti. Anakunja magoti, nakunja na mimi. Anaruka, na mimi naungana na mruko wake akiwa bado anapanda. Nguvu yangu inatoka kwenye mapaja na nyonga, inapita mgongoni, mikono inamalizia tu. Asiporuka, hata mwenye kifua cha kutisha atahangaika. Akiwahi au akichelewa kidogo mno, tumepishana: yeye anashuka wakati mimi naanza kusukuma, na hapo ndipo mabega na migongo inapoumia.

Akishafika juu, kazi yake ndiyo kwanza inaanza. Lazima tumbo, mgongo na mapaja vikaze ili mwili wake ukae kitu kimoja. Mtu wa kilo 50 akijilegeza huko juu anakuwa kama gunia la mchanga linalomwagikia upande mmoja. Kilo ni zilezile, ila kitovu cha uzito wake kinahamahama na mimi ninakikimbiza. Na kadiri kitovu hicho kinavyokuwa mbali na mwili wangu ndivyo mgongo wangu unavyolipa. Ndiyo sababu tunafundishwa kumpandisha mwenza karibu na mwili, wima, na kunyoosha viwiko akiwa juu ya kichwa kabisa, ambapo mifupa inasaidia misuli kubeba.

Halafu kuna kushuka. Watu wanapiga makofi mtu akiwa juu, lakini mimi mwenza namjua wakati wa kumshusha. Anayejua kushuka anaendelea kujibeba mpaka vidole vyake viguse sakafu, nami naendelea kumbeba mpaka nihisi uzito umehamia kwenye unyayo wake. Kuna nukta fulani ambapo hujui nani anambeba nani. Hiyo nukta naipenda kupita kiasi.

Mfano mwingine ambao hauna kunyanyua kabisa. Kwenye baleti ya mrembo aliyelala, aliyoitunga Marius Petipa mwaka 1890 kwa muziki wa Tchaikovsky, kuna mahali binti mfalme anasimama kwa ncha ya mguu mmoja, mguu wa pili umekunjwa nyuma, na wachumba wanne wanampokea mkono kwa zamu. Mmoja anamzungusha polepole, binti anauachia mkono, anainua mikono yake juu akiwa peke yake kwenye kile kidole, kisha anaushusha mkono kwa mwanamume anayefuata. Wanaume wale wanaonekana kama hawafanyi kitu. Lakini kiganja kikipanda sentimita mbili tu, kinamtoa kwenye mhimili wake. Kikilegea, hana pa kuegemea. Wao hawashiki, wanatoa mahali pa kushika, na binti naye akikandamiza sana mkono ule wote mtauona unatetemeka. Hakuna hata kilo moja iliyonyanyuliwa hapo, na ni kati ya vipande vinavyoogopwa zaidi katika baleti nzima.

#5 Mchangiaji (#3)

Sawa mkuu, la pumzi sikulijua. Ila kuna zile staili watu wanashikana mikono wanalala nyuma, mmoja mnene mmoja mwembamba, na hawaanguki. Ile inakuwaje?

#6 Mtoa mada

Ahsante kwa swali hilo, ndilo la kwanza ningependa kila anayeanza afundishwe.

Mnasimama mkitazamana, nyayo zenu karibu sana. Mnashikana vifundo vya mikono, si vidole, maana vidole vinateleza kwenye jasho. Mnaanza kuegemea nyuma taratibu, mikono imenyooka, nyonga hazibaki nyuma. Mkifika mahali pake, hakuna kati yenu anayeweza kusimama peke yake, na bado mmesimama. Kitovu cha uzito hakiko kwako wala kwake, kiko hewani katikati yenu.

Kuhusu unene: aliye mwepesi anaegemea nyuma zaidi, mzito anaegemea kidogo. Umbali wa mwepesi unafidia kilo za mzito, basi. Ndiyo maana mtu mdogo anaweza kumshikilia mtu mkubwa kuliko yeye bila kukaza hata taya. Kinachoharibu zoezi hili ni adabu. Watu wanaona haya kumpa mwenzao uzito, wanabakiza kidogo kwa ajili yao, "nisimlemee". Ukibakiza, mwenzako hana cha kujibu, anaanza kukuvuta, na mnageuka watu wawili wanaovutana. Toa wote. Uzito unaotolewa wote ni rahisi kuupokea kuliko uzito unaositasita.

Sasa dada au kaka wa salsa, #2. Hesabu zenu ni uzito huohuo. Moja, mbili, tatu ni mara tatu uzito unahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na kwenye nne hauhami. Nyonga inayosifiwa kwenye salsa haitikiswi makusudi. Goti linakunja, uzito unaingia juu ya mguu, nyonga inapata nafasi yake yenyewe. Anayetikisa kiuno bila kuhamisha uzito anafanya kazi mara mbili, na mwenzake hapati habari yoyote.

Habari, ndiyo. Kwenye dansi za kuongoza na kufuata, uzito ndiyo lugha. Tango ya Argentina na Uruguay ndiyo iliyonifundisha hili. Katika kumbatio la karibu kifua changu kiko juu ya kifua cha mwenza, naye haoni miguu yangu kabisa. Anajuaje kwamba tunakwenda kushoto? Kabla sijapiga hatua, nimeshahamia kwenye mguu mmoja, na yeye amehamia na mimi. Mguu wake wa pili umekuwa huru, na kwa sababu uko huru unaweza kwenda. Anayeongoza kwa mikono anamsukuma mtu ambaye mguu wake bado umebeba mwili. Ataenda wapi?

Na anayefuata hangoji amri. Ananiambia muda wa hatua, urefu wake, kama anataka kupamba hapo katikati, kama amechoka. Usiku mzuri wa tango ni ule ambao nilipendekeza jambo, mwenzangu akalipokea kwa namna ambayo sikuitarajia, na mimi nikamfuata.

#7 Mchangiaji

Mtoa mada, hapo kwenye kushikana nina swali la dada. Wengine tunashikwa vibaya kwenye madarasa halafu tunaambiwa "ndiyo dansi yenyewe". Wewe unalionaje?

#8 Mtoa mada

Dada yangu, pole, na hapo sitazunguka. Siyo dansi yenyewe.

Mkono wa mwenza una kazi, na kazi hiyo inaweza kuelezwa kwa sentensi moja: "nashika hapa ili nikuzungushe," "nashika paja kwa sababu mnyanyuo huu unabebwa hapo." Mshiko usioweza kuelezwa hauna sababu ya kuwepo. Mimi kabla ya kujaribu kitu kipya na mtu tunaongea kwanza tukiwa tumesimama: mkono utapita wapi, utakaa muda gani, nini kifanyike ukikosea njia, na neno gani likisemwa tunaacha papo hapo. Na mshiko wa kazi unatambulika mwilini. Ni kiganja kizima, bapa, chenye mwelekeo. Vidole vinavyopapasa havishikilii uzito wowote, kwa hiyo hata kiufundi havina maana. Ukiambiwa unakuza mambo, ondoka kwenye darasa hilo. Walimu wa kweli wapo.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu uzito hautolewi kwa hofu. Mtu anayejilinda hajiachii, na asiyejiachia ndiye anayeumia kwenye kunyanyuliwa.

#9 Mchangiaji

Tuhamie kwenye kutunga. Mimi nikitaka kutunga nakaa na muziki, najaza stepu kila mdundo, nikimaliza naona kazi imejaa na haisemi kitu. Ninyi watunzi mnaanzia wapi?

#10 Mtoa mada

Kila mtu na njia yake. Mtunzi wa dansi Merce Cunningham alirusha sarafu kuamua stepu ipi ifuate ipi, na alifanya kazi na mwanamuziki John Cage kwa makubaliano kwamba muziki na dansi vitatungwa mbalimbali, vikutane jukwaani. Inashangaza jinsi kazi zake zinavyopumua. Alilazimika kutafuta namna mwili unavyoweza kutoka mahali ambapo usingejipeleka kwa mazoea, na hicho ndicho kilichozaa mambo mapya.

Mimi naanza na swali moja la mwili. Kwa mfano: nini kitatokea mmoja akikataa kuhama? Naweka watu wawili, mmoja asimame kama mti, wa pili atafute njia zote za kumhamisha: kumwegemea, kumning'inia shingoni, kupita chini ya kwapa, kumwachia ghafla. Nawaacha hadi wachoke na kuacha kupendeza. Ndipo vitu vya kweli vinapoanza kutokea, na mimi nachukua kidogo tu. Sehemu kubwa naitupa.

Halafu nashughulikia mpito. Hapa ndipo tatizo lako lilipo, naona. Umejaza picha na umesahau njia kati ya picha na picha. Mtazamaji haoni stepu ya nne wala ya tano, anamwona mtu anayetoka ya nne kwenda ya tano, na jinsi anavyotoka ndiyo hadithi. Jaribu kuondoa nusu ya stepu zako na ulizobakiza uzipe muda mara mbili. Kisha tafuta kila mahali uzito unapohama na uamue: unahama kwa kudondoka, kwa kuteleza, kwa kusukumwa au kwa kusitasita? Stepu zilezile zitazaa kazi nyingine kabisa.

Wala usiogope kurudia. Anne Teresa De Keersmaeker alicheza mwaka 1982 kazi juu ya muziki wa Steve Reich ambamo wanawake wawili wanageuka na kurusha mkono, wanageuka na kurusha mkono, pamoja, mpaka mmoja anaanza kumtangulia mwenzake kidogo kidogo. Vivuli vyao ukutani vinaachana na kukutana tena. Stepu ni chache mno, ila huwezi kuondoa macho, kwa sababu unangojea waungane tena na hujui lini.

Na mpangilio wa nani anamshika nani una uzito wake hata nje ya ukumbi. George Balanchine mwaka 1957 alitunga kipande cha wawili katika baleti yake ya Agon kwa Diana Adams, mwanamke Mzungu, na Arthur Mitchell, mwanamume Mweusi. Marekani ya wakati ule, ubaguzi ukiwa sheria katika majimbo ya kusini, miili hiyo miwili imesukwa pamoja jukwaani, mkono mweusi juu ya mkono mweupe, kila mguso ukionekana. Hakuna hadithi inayosimuliwa wala hotuba. Kuna mahali mwanamume analala chali sakafuni huku bado amemshika mkono mwanamke anayesimama kwa mguu mmoja, yaani aliye chini kabisa ndiye nguzo. Mitchell alikuja kuanzisha kampuni ya baleti ya Dance Theatre of Harlem mwaka 1969. Nikitunga kipande cha wawili najiuliza kila mara: nani yuko chini, nani anashikilia, na je, watabadilishana?

#11 Mchangiaji

Je, umri? Nina miaka arobaini na kidogo. Na rafiki yangu anatumia kiti cha magurudumu, anapenda sana dansi. Kuna nafasi yetu humu?

#12 Mtoa mada

Karibuni wote wawili, bila masharti.

Februari 1962 Margot Fonteyn alicheza baleti ya Giselle kwa mara ya kwanza na Rudolf Nureyev jijini London. Fonteyn alikuwa na miaka 42, Nureyev 23, na wakacheza pamoja kwa miaka mingi baada ya hapo. Kijana alileta moto, Fonteyn alileta ule utulivu wa mtu anayejua uzito wake uko wapi kila sekunde. Huo utulivu unakuja na miaka.

Kuhusu rafiki yako, mwaka 1991 huko Uingereza Celeste Dandeker na Adam Benjamin walianzisha kampuni ya dansi iitwayo Candoco, ya kuchanganya madansa wenye ulemavu na wasio nao. Kiti cha magurudumu kinabadilisha hesabu za uzito kwa namna inayonisisimua kama mtunzi. Kinateleza, na mguu hautelezi hivyo. Mwenza akikiegemea kinaondoka naye, safari inakuwa ndefu, mzunguko unakuwa mpana, na mwenye kiti akishika magurudumu kwa ghafla, mwili wote wa mwenza unahisi breki hiyo. Asiambiwe acheze "kwa mikono tu". Kiti ni sehemu ya mwili wake, kina uzito wake, na kinaweza kupewa na kutoa.

#13 Mchangiaji (#11)

Umenipa moyo sana. Tuanze na zoezi gani nyumbani, sisi wawili?

#14 Mtoa mada

Anzeni na viganja. Kiganja changu kwenye kiganja chako, bapa, bila kushikana vidole. Sukumaneni kidogo, kiasi cha kuhisi mifupa ya mwenzako mpaka begani. Halafu mmoja afumbe macho, na mwingine amtembeze chumbani kwa mguso huo pekee. Mwenye kiti aongoze kwanza, aliyesimama afuate, kisha mbadilishane. Ondoeni meza na vitu vyenye ncha.

Msiongee. Muziki msiweke kwa mara ya kwanza, maana utawapa mdundo wa kufuata badala ya kufuatana. Mguso ukipungua mpaka karibu kuachana, msiukimbilie kwa kusukuma, sogezeni mwili wote mpaka urudi. Mkichoka mikono jueni mmekuwa mkiinua mabega, yashusheni.

Mkizoea hapo, hamieni mgongo kwa ubavu wa kiti, au bega kwa bega. Nikitoka mazoezini jioni nitarudi kuandika hatua inayofuata, ambayo ni kuegemeana mkiwa mnatembea.